Somo: Kupasua gogo nene kwa chenso, mkato wa kwanza ndio unaoamua

Wakuu, somo hili ni la mwenye mti mkubwa ulioangukia bondeni, mahali ambapo dingdong, ile mashine kubwa ya kupasulia mbao, haifiki. Huku Mufindi miti ya namna hiyo ipo: migrevilea minene, mikaratusi ya enzi za wazee. Mingi huishia kuwa kuni, na inaniuma kuona gogo la futi mbili na nusu likichanjwa wakati ndani yake kuna meza kadhaa.

Mashine. Tafuta chenso, yaani msumeno wa cheni, yenye injini ya sisi (cc) 90 au zaidi. Kupasua kwa urefu kunaibana injini dakika nyingi mfululizo, na huku juu, zaidi ya mita 1,700, hewa ni nyepesi na nguvu hupungua. Baa, lile bamba refu linalozungukwa na cheni, ipite unene wa gogo kwa inchi sita hivi, maana fremu ya kupasulia, inayofungwa kwenye baa ili mbao zitoke unene mmoja, nayo inachukua nafasi. Oili ya tustroki fuata kitabu cha mashine. Nyingi zinataka mililita 20 kwa lita moja ya petroli.

Cheni. Ya kawaida imenolewa digrii 30, kwa kukata gogo vipande. Ya kupasua inolewe digrii 10. Piga tupa kila unapojaza tangi. Ukiona unga laini kama sembe na umeanza kusukuma kwa nguvu, simama unoe.

Mkato wa kwanza. Hapa tulia. Gogo ni la mviringo, fremu haina pa kutelezea, kwa hiyo funga ngazi ya alumini au mbao mbili zilizonyooka juu yake kwa skrubu. Weka pima maji kwa kukingama, kichwa hiki na kile, mpaka vyote viwili vilale sawa. Hakikisha skrubu hazifiki pale cheni itakapopita. Gogo langu la kwanza nilikadiria kwa macho. Ngazi ilikuwa imejisokota kidogo tu, lakini kila ubao uliofuata ulirithi msokoto ule, na seremala alizipiga randa kutoka inchi tatu mpaka chini ya mbili.

Baada ya hapo ondoa ngazi. Fremu sasa inatelezea uso bapa. Kichwa kimoja cha gogo kiwe juu kidogo, upasue kuteremka. Chomeka kabari nyuma yako kila nusu mita, ubao usibane baa. Ukimaliza mkato, iache injini iungurume taratibu dakika moja kabla ya kuzima. Miwani, kinga ya masikio, barakoa na buti ngumu ni lazima, na moshi upepo uupeleke mbali nawe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mkaratusi wangu unapasuka vichwani siku hiyo hiyo. Nakosea wapi?
Hukosei. Mkaratusi umekua na mvutano ndani yake, ukiukata unafunguka. Acha gogo refu kuliko unavyohitaji, vichwa vipake rangi ya mafuta mara tu ukishakata, na ubao wenye moyo wa mti upasue katikati uutoe moyo.

Fundi, nikaushe muda gani?
Kwa mbao ngumu hesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Panga kivulini chini ya paa, fito za inchi moja kila nusu mita, zikae wima moja juu ya nyingine, na mawe mazito juu kabisa. Juani usithubutu.

Kaka, naweza kupasulia mbao za inchi moja za kupaulia?
Unaweza, lakini utaumia. Cheni inakula karibu milimita 9 kila mkato, kwa hiyo kwa kila mbao tatu unapoteza moja kwenye unga. Hizo peleka dingdong.

Nikitaka kuzipeleka Mbeya mjini?
Pita kwanza ofisi ya misitu ya wilaya upate hati ya kusafirishia, hata kama mti ni wa shambani kwako. Fanya hivyo kabla gari halijapakia.