Kifua kipana, miguu ya korongo

Vijana wa Unguja tunapenda mazoezi ya kifua na mikono tu, mgongo na miguu tunaikumbuka siku ya kuvaa kaptura. Huna vyuma? Chukua dumu la lita 20. Likijaa maji ni kilo 20 na ushei. Likumbatie kifuani, chuchumaa taratibu mpaka mapaja yawe sambamba na ardhi, inuka ukikandamiza visigino. Mara 8 hadi 12, raundi 3, siku 2 kwa wiki zisizofuatana. Mgongo: inama kwenye nyonga, uti umenyooka, vuta madumu mawili madogo kuelekea kiunoni. Mgongo ukipinda, punguza maji, usione haya. Ukizoea, tia mchanga, ni mzito zaidi. Na samaki ule, si urojo kila jioni.