Kuuza nyumba ya kijijini: karatasi zipi ziwe mkononi kabla ya kupokea pesa

Ukimuuliza muuzaji "hati iko wapi?", mara nyingi anatoa karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Hiyo ni ushahidi tu kwamba fulani alimlipa fulani. Kwa ardhi ya kijiji Tanzania (Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999), hati ni hatimiliki ya kimila. Kama huna, tafuta muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji unaoonyesha ulivyopata eneo.

1. Muulize Mtendaji wa Kijiji kama eneo bado ni ardhi ya kijiji. Likishapimwa viwanja na kutolewa hati chini ya Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, utaratibu ni mwingine: nenda ofisi ya ardhi ya wilaya.

2. Tembeeni mpaka na majirani wa pande zote pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Msiamini mimea ya mpaka, masale au minyaa, peke yake. Ikikauka hupandwa upya, na kila ikipandwa husogea kidogo. Pimeni kwa futi kamba, muandike mita za kila upande, majirani wasaini. "Ekari moja na nusu hivi" ndiyo inayozaa kesi.

3. Ridhaa ya mke au mume iwe ya maandishi.

4. Peleka maombi kwa Mtendaji yaingie kwenye kikao cha Halmashauri ya Kijiji. Hapa ndipo wengi huanguka: mwenyekiti wa kijiji anagonga mhuri nyumbani kwake, kikao hakijakaa. Yeye peke yake hana mamlaka ya kuidhinisha. Dai nakala ya muhtasari yenye tarehe, mahudhurio, jina la mnunuzi na ukubwa wa eneo. Bila idhini hiyo mahakama hubatilisha mauzo, na mnunuzi atakudai pesa yake.

5. Mkataba kwa wakili, malipo benki, kisha masijala ya ardhi ya kijiji ili hatimiliki ibadilishwe jina.

Maswali

Swali: Eneo ni la marehemu baba. Ndugu wote tumesaini kikao cha ukoo, inatosha?
Jibu: Haitoshi. Ukoo unapendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama ndiyo inamteua. Anzeni Mahakama ya Mwanzo. Anayesaini mkataba ni msimamizi, hata kama kaka mkubwa ndiye anayeishi pale.

Swali: Naambiwa kijiji hudai asilimia 10 ya bei.
Jibu: Omba kuonyeshwa sheria ndogo inayoitaja, na stakabadhi ya serikali. Vikikosekana, usilipe.

Swali: Na TRA (Mamlaka ya Mapato)?
Jibu: Ukiwa na kumbukumbu za gharama zako, kodi ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote. Makazi uliyoyamiliki na kuishi miaka 3 au zaidi yanasamehewa kama faida haizidi shilingi milioni 15. Shamba lenye thamani ya soko chini ya milioni 10 nalo husamehewa, mradi limelimwa angalau miaka 2 kati ya 3 iliyopita. Tunza risiti za saruji na bati: zinaongeza gharama zako, faida inapungua.