Kichwa kinachokuamsha saa ile ile usiku

Jamani kama unalala vizuri tu halafu kichwa kinakuamsha, upande mmoja, nyuma ya jicho, jicho linatoa machozi na pua ya upande huo huo inachuruzika, na huwezi hata kulala chini unabaki kuranda ukumbini dakika 15 mpaka masaa 3, basi huenda ni kile madaktari wanachokiita "cluster headache", si kipandauso cha kawaida, maana mwenye kipandauso hutaka kiza na kimya. Kwa vile kinakuja saa ile ile kila usiku watu watakwambia jini, lakini inahusika ile sehemu ya ubongo inayopanga usingizi.

Sasa weka daftari karibu na mto wa kulalia, andika saa kilipokuamsha, jicho gani, kimechukua muda gani, umpelekee daktari. Zile wiki ambazo kichwa kinakuandama lala na uamke saa zile zile, na usingizi wa baada ya adhuhuri uache kwanza, wengine ndo unawaamshia. Pombe usiguse. Panadol inachelewa mno, muulize daktari kuhusu oksijeni ya maski, wengi inawatuliza ndani ya robo saa. Ukiwa unakoroma mwambie na hilo. Ila kikija ghafla na shingo kukaza au mkono kulegea, hospitali usiku huo huo.