Chekechea England: viza yako inakuruhusu nini, na tarehe zinazowaponza wazazi

Tangu Septemba 2025, mtoto wa wazazi wanaofanya kazi England anaweza kupata saa 30 kwa wiki za chekechea zinazolipwa na serikali, kuanzia miezi 9 mpaka aanze shule. Wazazi wengi kutoka kwetu huzikosa kwa sababu mbili. Wapo walioona kwenye viza yao maneno kwamba hawaruhusiwi fedha za umma, yaani misaada ya serikali, wakaacha kuuliza. Wapo pia wenye haki kamili waliochelewa kwa siku mbili tatu.

Tuanze na viza. Kwa saa 30, mmoja wenu anatakiwa awe na Namba ya Bima ya Taifa (National Insurance number) na mojawapo ya haya: uraia wa Uingereza au Ireland, hadhi ya ukaazi wanayopewa raia wa Ulaya na familia zao, au kibali kisichomzuia kupata fedha za umma. Sisitiza hilo neno mmoja. Kama mama ni muuguzi mwenye viza ya kazi yenye kizuizi lakini baba ana ukaazi wa kudumu au hadhi ya mkimbizi, familia inaweza kuomba. Ingia kwenye akaunti yako ya eVisa, rekodi ya viza yako mtandaoni, usome masharti mwenyewe, usitegemee kumbukumbu ya kadi ya zamani.

Kama nyote wawili mna kizuizi, saa 30 hamzipati, ila milango miwili bado iko wazi. Wa kwanza ni saa 15 kwa wiki kwa kila mtoto wa miaka 3 na 4, bila kujali viza wala kipato cha wazazi. Haziombwi kwa mtandao. Unakwenda moja kwa moja chekechea na cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya mtoto, unajaza fomu yao. Mfanyakazi wa mapokezi akikuambia viza yako haikubali, amechanganya saa hizi na zile 30. Mwombe kwa upole aulize halmashauri. Mlango wa pili ni saa 15 za mtoto wa miaka 2 kwa familia zenye kizuizi na kipato kidogo. Kwa mtoto mmoja, kipato cha nyumba kisizidi pauni 26,500 kwa mwaka nje ya London, au 34,500 ndani ya London. Kwa watoto wawili au zaidi ni 30,600 na 38,600. Akiba isizidi pauni 16,000. Hizi zinaombwa kwenye halmashauri ya mnapoishi, na wengi hawazijui kabisa.

Kwa wenye haki ya saa 30, sharti linalofuata ni kazi. Kila mzazi, si kwa kujumlisha wawili, atarajie kupata katika miezi 3 ijayo angalau malipo ya saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara. Kwa viwango vya Aprili 2025 hiyo ilikuwa pauni 2,539 kwa mwenye miaka 21 au zaidi, na kiwango hupanda kila Aprili, kwa hiyo kagua kipya kabla ya kujaza. Kazi mbili zinajumlishwa. Anayefanya zamu zisizo na saa maalumu, kama wengi walio kwenye nyumba za wazee, anatumia wastani wa kipindi hicho cha miezi 3. Wiki moja kavu haikuharibii. Aliyejiajiri hasumbuliwi na kiwango hiki katika miezi 12 ya mwanzo ya biashara. Kwa upande wa juu, hakuna mzazi anayeruhusiwa kuwa na kipato kinachozidi pauni 100,000 kwa mwaka.

Sasa tarehe, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Saa hazianzi siku mtoto anapotimiza miezi 9. Zinaanza mwanzo wa muhula unaofuata: 1 Septemba, 1 Januari au 1 Aprili. Mtoto aliyezaliwa 30 Novemba anatimiza miezi 9 tarehe 30 Agosti, basi anaanza Septemba. Aliyezaliwa siku mbili baadaye, 2 Desemba, anasubiri mpaka Januari: miezi minne ya ada kamili. Tarehe ya kuzaliwa huwezi kuibadilisha, lakini tarehe ya maombi iko mikononi mwako. Msimbo wako, yaani namba unayopewa maombi yakikubaliwa ili uipeleke chekechea, lazima utoke kabla muhula haujaanza, yaani mwisho kabisa 31 Agosti, 31 Desemba au 31 Machi. Usingoje siku hizo. Mfumo ukihitaji kuhakiki nyaraka, jibu linaweza kuchelewa siku kadhaa, na Desemba ofisi zina sikukuu. Mama aliye kwenye likizo ya uzazi anaweza kuomba, mradi awe amerudi kazini kabla mwezi wa kwanza wa muhula haujaisha.

Msimbo una tarakimu 11. Chekechea wanauhakiki pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto na Namba ya Bima ya Taifa; wape ya mzazi aliyejaza maombi. Tarakimu moja ikikosewa kwenye fomu, mfumo utasema mtoto hana haki. Kila baada ya miezi 3 unaingia tena kuthibitisha kwamba hali haijabadilika. Ujumbe wa kukukumbusha huja kwa barua pepe au simu, lakini weka kengele yako mwenyewe, maana msimbo ukifa karibu na muhula na unamhamisha mtoto chekechea nyingine, unaweza kukosa muhula mzima.

Kwenye ombi hilohilo unaweza kufungua akaunti ya Tax-Free Childcare: ukiweka pauni 8, serikali inaongeza 2, mpaka nyongeza ya pauni 500 kwa kila miezi 3 kwa kila mtoto. Inatumika hata kwa vilabu vya baada ya shule, mpaka Septemba inayofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 11, na ndugu yeyote anaweza kuiwekea pesa. Ila huwezi kuwa nayo pamoja na Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Aliye kwenye Universal Credit anarudishiwa mpaka asilimia 85 ya gharama, kwa ukomo ambao katika mwaka wa fedha 2025/26 ulikuwa pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja na 1,768.94 kwa wawili au zaidi. Kwa mwenye kipato kidogo hiyo kwa kawaida inalipa zaidi. Fanya hesabu kwanza. Na mwenye kizuizi cha fedha za umma asiguse Universal Credit bila ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji. Hapo viza yenyewe iko hatarini.

Mwisho, usishangae ukiletewa bili. Saa 30 ni za wiki 38 tu, jumla 1,140 kwa mwaka. Chekechea ikizitandaza kwa wiki 51, unabaki na saa 22 na kidogo kwa wiki. Tuseme mtoto anakaa siku 4, saa 10 kila siku, na saa ya ziada ni pauni 7. Saa 40 toa 22.35, zinabaki 17.65, yaani pauni 123.55 kwa wiki. Kupitia Tax-Free Childcare unalipa 98.84, serikali inamalizia 24.71. Juu yake watadai chakula na nepi. Malipo hayo ni ya hiari: uliza kama unaweza kuleta chakula na nepi zako, na omba bili inayotenganisha kila kitu, kabla hujasaini mkataba wala kulipa amana.