Pakiti ya chumvi na mashine ya presha

Ukitaka kuulinda moyo na kuzuia presha, anzia jikoni. Siku unayofungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu, kisha uone itaisha lini. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja cha kufuta. Nyumba ya watu wazima wanne, basi, pakiti hiyo iwafikishe siku 25 au zaidi. Ikiisha kwa wiki mbili, kila mmoja anakula karibu gramu 9, na hapo chipsi za jioni na supu ya asubuhi hazijahesabiwa.

Chumvi huvuta maji na kuyabakiza kwenye damu. Damu ikiongezeka wingi, presha inapanda na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi usiku na mchana, hadi msuli wake unanenepa na kukakamaa.

Punguza robo ya chumvi unayotia sasa, kaa hivyo wiki mbili tatu, ndipo upunguze tena. Ukikata yote kwa siku moja, chakula kitapooza na nyumba nzima itarudi kwenye kikopo. Mchicha au matembele, kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, ikilegea kamulia ndimu, onja, ndipo utie chumvi. Ng'onda na papa mkavu waloweke, maji yamwage, na mchuzi wake usiutie chumvi. Kidonge cha mchuzi nacho ni chumvi, kwa hiyo ukikitia usiongeze nyingine. Kwa mama lishe, kichupa cha mezani kiache. Chumvi yenyewe iendelee kuwa yenye madini joto.

Kutembea: dakika 30, siku 5 kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Joto la Dar halina huruma, hivyo toka saa 12 asubuhi, au ushuke daladala vituo viwili kabla ya chako. Sigara acha kabisa, kupunguza hakutoshi.

Sasa presha. Wengi husubiri kichwa kiume ndipo wapime, na hilo ni kosa kubwa, kwani presha inaweza kupanda miaka kadhaa bila dalili yoyote. Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo. Kaa dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, miguu usiipishanishe. Mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati, na mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Ukining'inia, namba zinapanda. Kuongea huzipandisha pia, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene vilevile. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, asubuhi na jioni kwa siku 7, uandike zote.

Wastani ukifika 135/85 nyumbani, yaani namba ya juu 135 au ya chini 85, peleka daftari hilo kituo cha afya. Ukiandikiwa dawa, usiziache kwa kuwa namba zimeshuka: zimeshuka kwa sababu unazimeza. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama au kifua kikibana, usipime tena wala usingoje kukuche. Tafuta gari, nenda hospitali saa hiyohiyo.