Wanajua nini kabla hujawafundisha?

Ukianza mada mpya kwa kuuliza "Desimali mnazikumbuka?", darasa zima litaitikia "Ndiyo, mwalimu!" nawe utabaki hujajua lolote. Hata yule wa nyuma ambaye hajafungua daftari ataitikia, tena kwa sauti kuwashinda wote. Kunyoosha mikono nako hakusaidii sana, maana wanaonyoosha ni wale wale.

Mimi hugawa vikaratasi siku moja kabla ya mada, dakika tano za mwisho za kipindi. Maswali matatu tu, na nawaambia wazi kwamba hayana alama, kwani mtoto akinusa mtihani ataibia kwa jirani. Kazi yenyewe iko kwenye kuyachagua. Swali zuri ni lile ambalo jibu likikosewa, unajua mtoto alikuwa anawaza nini.

Tuseme ni desimali. Ipi kubwa, 0.4 au 0.35? Anayechagua 0.35 anazisoma tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima: 35 inazidi 4, basi kwake desimali ndefu ndiyo kubwa. Lakini usimshangilie haraka aliyechagua 0.4. Wapo wanaoamini desimali fupi ndiyo kubwa siku zote, eti kwa sababu sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia. Huyo kapata kwa bahati. Ndiyo maana swali langu la pili huwa 0.4 na 0.75: hapo wa "fupi" ananaswa, wa "ndefu" anapata. La tatu ni 0.8 na 0.80. Chini ya kila jibu weka mstari wa "kwa nini?", hata maneno manne yanatosha.

Usitie vema wala kosa. Vipange vikaratasi mafungu kwa mafungu, kufuata fikra zilizomo. Fungu la "ndefu ndiyo kubwa" likijaa, somo la kesho linaanzia hapo: chora mraba wa vyumba 100, watie rangi vyumba 40, kisha 35 kwenye mraba mwingine, walinganishe wenyewe. Wakiwa wawili watatu, waite pembeni wenzao wakifanya zoezi. Karibu wote wakijua, ruka. Hapo ndipo walimu tunaposhindwa. Tukishaandaa somo, lazima tulifundishe!

Kikaratasi kitupu usikiweke kwenye fungu lolote. Mwite mwenyewe, umsomee swali kwa sauti. Mara nyingine desimali anazijua vizuri, kilichomshinda ni kusoma.