Namna ya Kuomba Ruhusa ya Kurekodi Shauri Lako la Familia Uingereza na Wales

Mdaawa anayejiwakilisha mwenyewe katika mahakama ya familia hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kusikiliza, kujibu na kuandika. Tangu Aprili 2013, msaada wa kisheria wa serikali ulipoondolewa katika mashauri mengi ya familia baina ya watu binafsi, wadaawa wa namna hii wameongezeka, na wapo wanaotoka ukumbini wakiwa hawana hakika jaji ameamuru nini. Haja yao ya kurekodi ni ya kweli. Kinachowaponza ni kurekodi kwa siri.

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Kudharau Mahakama ya mwaka 1981 kinasema kwamba kutumia kinasa sauti mahakamani, au hata kuingia nacho kwa nia ya kukitumia, bila ruhusa ya mahakama, ni kuidharau mahakama. Simu ya mkononi imo. Mhusika anaweza kupigwa faini au kufungwa, na simu yenyewe ikataifishwa. Usidhani kikao cha video ni tofauti, kwa maana kukirekodi bila idhini nako ni kosa. Lakini kifungu hichohicho kinampa jaji uwezo wa kuruhusu, na hapo ndipo pa kuanzia.

Peleka maombi kwa maandishi mapema kabla ya siku ya kusikilizwa, kwa fomu C2 ikiwa shauri linahusu watoto, au D11 ikiwa linahusu talaka na mgawanyo wa mali. Fomu hizi zina ada, ila mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe.

Mwongozo wa mahakama uliotolewa mwaka huohuo wa 1981 unamtaka jaji apime mambo matatu: kama mwombaji ana haja ya msingi, kama rekodi inaweza kutumika kuwafundisha mashahidi nje ya mahakama, na kama kinasa kitavuruga kikao au kumtia shahidi wasiwasi. Jibu yote matatu kabla hujaulizwa. Uzito mkubwa uko kwenye haja, na hapa waombaji wengi huharibu kwa kuandika kwamba hawaiamini mahakama. Eleza kitu kinachoweza kuthibitishwa: ulemavu wa kusikia, tatizo la kumbukumbu lenye barua ya daktari, au woga unaokushika ukiwa chumba kimoja na mtu aliyekudhuru. Ikiwa utasikilizwa na mahakimu wa kujitolea, taja pia kwamba kwa kawaida vikao vyao havirekodiwi na mahakama yenyewe.

Maneno ya ombi yanaweza kuwa haya: “Ninaomba ruhusa ya kurekodi sauti tu ya kikao cha tarehe fulani, kwa simu itakayokuwa mezani mbele ya macho ya wote, kwa sababu ninajiwakilisha na tatizo langu la kumbukumbu, lililoelezwa katika barua ya daktari niliyoambatanisha, linanizuia kuandika huku nikijibu. Rekodi nitaisikiliza peke yangu, sitaicheza kwa shahidi yeyote, na nitaifuta shauri litakapokwisha.” Ukitaka ndugu au mshauri aisikilize, mtaje humo humo.

Jaji akikubali, anaweza kuweka masharti, na anaweza kuiondoa ruhusa hata katikati ya kikao. Omba iandikwe katika amri. Ruhusa hiyo haikupi haki ya kuicheza rekodi hadharani: kufanya hivyo ni kosa linalojitegemea chini ya kifungu cha 9, na Sheria ya Usimamizi wa Haki ya mwaka 1960, kifungu cha 12, inalinda habari za vikao vya faragha vinavyohusu watoto. Kipande kimoja kikitumwa kwenye kundi la ukoo kinaweza kukuletea matatizo makubwa, na mtoto ndiye atakayeumia zaidi.

Jaji akikataa, omba uruhusiwe kukaa na msaidizi asiye wakili wa kukuandikia. Mwongozo wa mwaka 2010 unamtambua msaidizi huyo na kazi yake hiyo. Kama kikao kilirekodiwa na mahakama, fomu EX107 hutumika kuagiza nakala ya maandishi kwa gharama yako. Kwa kuwa hulipiwa kulingana na urefu, agiza hukumu peke yake badala ya kikao kizima, na kabla hujaondoka ukumbini andika namba ya shauri, jina la jaji, chumba, na saa hukumu ilipoanza na kuisha.